Maneno ya Mkulima Nayo ni Vipimo

Watafiti wanapofika kwetu Mbumbuni, kaunti ya Makueni, huuliza mambo kwa mpangilio tunaoujua sote. Kwanza idadi ya watu nyumbani, kisha ekari, kisha magunia, kisha unyevu wa mahindi unaosomwa kwenye kimashine cha mkononi. Mwisho kabisa wa fomu kuna mistari michache iliyopewa jina la "Maoni mengine". Hapo ndipo mwenye nyumba hueleza kwamba mahindi ya shamba la bondeni yalishika ukungu kuliko ya mlimani, kwamba mvua ilimkuta hajamaliza kuvuna, kwamba kuku wenyewe walikuwa wakichagua punje. Fomu zikifika Nairobi, tarakimu huingizwa kwenye kompyuta. Maelezo hubaki kwenye karatasi, na karatasi huishia kwenye boksi.

Mimi nilikuwa afisa wa ugani wa kilimo katika pande hizi za Kisau na Kiteta hadi nilipostaafu, na fomu za namna hiyo nimejaza nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hoja yangu leo ni moja. Yale yanayoachwa kwenye karatasi ni vipimo kamili, na tusipoyaingiza kwenye hesabu, modeli zinazotabiri sumukuvu zitaendelea kutupa majibu bila kutuambia majibu hayo yanaweza kukosea kwa kiasi gani.

Nianze na modeli yenyewe, maana jina hilo huwatisha watu bure. Modeli ya kibayolojia ni hesabu inayofuata maisha ya kiumbe hatua kwa hatua. Ya sumukuvu hufuata kuvu anayeitwa Aspergillus flavus, yule anayetengeneza aflatoksini. Huyu hupenda joto. Hupata nafasi mahindi yanapopigwa na ukame wakati wa kutoa ndevu na kujaza punje, na wadudu wakitoboa gunzi humfungulia mlango. Mahindi yakivunwa na kuwekwa kabla hayajakauka, hunawiri ghalani. Ukiipa modeli mvua na joto la msimu, itakupa makadirio ya sumu itakayopatikana.

Ndani ya hesabu hiyo kuna vigezo ambavyo ni wachache waliovipima katika mashamba yetu. Kuvu wa huku hukua kwa kasi gani kwenye punje yenye unyevu wa asilimia 16? Udongo wa kichanga wa huku chini huhifadhi maji kwa siku ngapi baada ya mvua kukatika? Gunia lililoegemezwa ukutani chumbani hupoteza unyevu kwa kasi gani kulinganisha na lililo kwenye ikumbi, ghala letu la kijadi, lenye hewa? Mtaalamu hukisia majibu, huendesha modeli, kisha hulinganisha matokeo na sampuli zilizopimwa.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika mashariki ya Kenya, sampuli za mahindi zilizozidi kikomo cha wakati huo cha mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kila kilo zilikuwa asilimia 41 mwaka 2005, asilimia 51 mwaka 2006 na asilimia 16 mwaka 2007. Hizo ni tarakimu tatu tu, za miaka mitatu. Modeli yenye vigezo kumi inaweza kuzitoa tarakimu hizo kwa njia nyingi sana. Njia moja itasema kosa ni la ukame wa shambani, nyingine itasema kosa ni la ghala, na zote mbili zitalingana na vipimo. Ukiziuliza kuhusu msimu ujao, kila moja itakupa utabiri wake. Umbali kati ya utabiri huo wa kwanza na wa pili ndio shaka tunayoizungumzia.

Sisi wa Makueni na Kitui hatuwezi kuichukulia shaka hiyo kama mchezo wa wasomi. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado chini ya wilaya ya Machakos, hospitali tatu za wilaya zililaza wagonjwa 20 walioharibika ini, na 12 kati yao wakafa. Kisha ikaja 2004. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na mvua isiyo ya msimu ikanyesha mwezi wa Februari wakati wa kuvuna. Kwa kuogopa wezi, watu waliyaingiza mahindi ndani ya nyumba walimolala, yakiwa na unyevu. Aprili hospitali zikaanza kupokea watu wenye macho ya manjano. Kufikia Julai 20 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wagonjwa 148 walitoka Makueni na 101 Kitui.

Wachunguzi wa Kenya na wenzao wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walifanya kazi kubwa mwaka huo. Walizunguka masoko 65, wakaenda kwa wauzaji 243, wakachukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Asilimia 55 zilivuka kikomo cha mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilivuka 1,000. Lakini kuna uchunguzi mwingine wa mwaka uleule ambao mimi huurejelea kila ninapobishana na wapenzi wa mashine. Wagonjwa 40 walilinganishwa na watu 80 ambao hawakuugua. Damu ilipimwa, mahindi ya nyumbani yakapimwa. Pamoja na vipimo hivyo vya maabara, jambo jingine lililowatenganisha wagonjwa na wasiougua lilikuwa jibu la swali lisilohitaji kifaa chochote: je, mahindi uliyahifadhi ndani ya nyumba yakiwa na unyevu? Jibu ni ndiyo au hapana, na limetoka kinywani mwa mtu.

Wako watakaosema kwamba jibu la mdomo ni dhaifu na tarakimu ya maabara ni imara. Wanaosema hivyo hawajui tabia ya sumu hii. Aflatoksini haisambai sawasawa kwenye gunia. Hujikusanya kwenye punje chache, na punje moja iliyojaa sumu inaweza kuifanya kilo nzima ivuke kikomo. Chota gorogoro mbili kutoka gunia moja la kilo 90: ya kwanza inaweza kupita na ya pili ikaanguka, na maabara haijakosea popote. Kwa hiyo ile tarakimu inayoandikwa kwa desimali mbili nayo ina shaka yake, tena pana, ila shaka hiyo haionekani kwenye cheti.

Kuna jambo la pili ambalo maabara yenyewe hulifanya kila siku. Sampuli ikiwa na sumu kidogo mno kwa mashine, ripoti huandika kwamba kiasi kiko chini ya kiwango kinachoweza kugunduliwa. Hiyo si tarakimu. Ni maelezo kwamba kitu fulani ni kidogo kuliko kingine. Watakwimu huyapokea maelezo hayo bila kulalamika, huyaandika kwa alama ya "chini ya", kisha wanaendelea na kazi. Sasa mkulima wa Mbumbuni akisema mahindi ya bondeni yalishika ukungu kuliko ya mlimani, amesema jambo la namna hiyohiyo. Kwa nini la maabara lipokelewe na la mkulima litupwe?

Kazi ya kugeuza neno kuwa kipimo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Nichukue mfano ambao maafisa wa ugani tumewafundisha wakulima kwa miaka mingi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka, unaweka chumvi kavu kiasi, unaongeza mahindi, unatikisa, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu wa mahindi umepita asilimia 15 hivi. Isiponata, uko chini ya hapo, ingawa mahindi ya kuweka muda mrefu yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5. Chupa haikupi tarakimu. Inakuambia upande gani wa mpaka umesimama. Mwenye modeli anaweza kuandika sharti: nyumba hii, tarehe hii, unyevu ulizidi 15. Vigezo vyovyote vinavyodai mahindi ya nyumba hiyo yalikuwa yamefika 12 tarehe hiyo vimepoteza nguvu.

Ni kama kumtafuta mbuzi aliyepotea. Jirani anayekuambia hakumwona akivuka daraja hajakuonyesha mbuzi alipo, lakini amekupunguzia nusu ya safari.

Tuseme kompyuta imejaribu mafungu 10,000 ya vigezo, na 900 kati yake yanalingana na zile tarakimu tatu za 2005 hadi 2007. Katika hayo 900, mengine yanatabiri kwamba mahindi ya mlimani huharibika kuliko ya bondeni. Wakulima wa wadi nzima wanasema kinyume, msimu baada ya msimu. Mafungu hayo yanatoka. Mengine yanatabiri kwamba waliovuna kabla ya mvua ya Februari na waliovuna baada yake walipata ukungu sawa. Nayo yanatoka. Tuseme yamebaki 200. Kabla ya kuwasikiliza wakulima, modeli ilikuwa ikisema msimu ujao magunia yatakayovuka kikomo ni kati ya 5 na 80 katika kila 100. Sasa inasema ni kati ya 20 na 45. Mfano huu ni wa kueleza tu, lakini njia ndiyo hiyo. Hakuna aliyepima gunia jipya hata moja, na bado tumejua zaidi. Na ikiwa baada ya maelezo yote upana haukupungua, hilo nalo ni jibu: tumejua kwamba bado hatujui, na tumejua ni kipimo gani cha kwenda kukitafuta.

Wenzetu ng'ambo wameshaipita hatua ya kubishana juu ya jambo hili. Mwaka 2018 Eshan Mitra, William Hlavacek na wenzao huko Marekani walichapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications. Walishughulikia modeli ya jinsi seli ya hamira inavyojigawa, modeli yenye vigezo 153 vya kukadiria. Walikuwa na tarakimu 561 zilizopimwa. Lakini walikuwa pia na aina 119 za hamira iliyobadilishwa vinasaba, ambazo wanabayolojia walikuwa wameziandikia maelezo ya kawaida kabisa: hii inaishi, hii inakufa, hii inakwama hatua fulani. Maelezo hayo yalizaa masharti 1,647 ya "zaidi ya" na "chini ya", karibu mara tatu ya tarakimu zenyewe. Wakayatia yote kwenye hesabu moja. Mwaka 2020 Mitra na Hlavacek wakaongeza njia ya kuyapa maelezo kama hayo uwezekano wa kuwa kweli, ili kiwango cha shaka kikadiriwe kwa kanuni za uwezekano zinazoitwa za Bayes. Ikiwa neno "inakufa" la hamira linakubalika katika jarida kubwa hivyo, sioni sababu ya kulikataa neno "yameoza" la mkulima wa Kisau.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja nzito, na sitaziruka. Ya kwanza ni kwamba jicho halioni aflatoksini. Mahindi meupe, safi kwa macho, yanaweza kuwa na sumu, na yenye ukungu yakawa na kuvu wa aina nyingine asiye na madhara hayo. Ya pili ni kumbukumbu: mtu akiulizwa kuhusu msimu wa miaka mitano iliyopita huchanganya miaka. Ya tatu ndiyo ninayoifahamu vizuri zaidi kutokana na kazi yangu. Watu wakisikia kuna chakula cha msaada, kila msimu huwa mbaya kuliko uliopita. Wakisikia kuna mnunuzi wa mahindi, hakuna ukungu hata punje moja.

Hoja hizo zote zinatibika, na dawa yake haimo kwenye kuyatupa maneno. Shahidi anayekosea mara moja moja bado ni shahidi, mradi tujue hukosea mara ngapi. Kila msimu wachukuliwe wakulima wachache ambao magunia yao yataulizwa na kupimwa pia. Maelezo yao yakilingana na maabara mara saba katika kumi, modeli iyape uzito wa saba katika kumi. Yakilingana mara tano tu katika kumi, hayana tofauti na kurusha sarafu, na hesabu yenyewe itayapuuza bila mtu kukasirika. Mwaka wenye msaada wa chakula uandikwe kando, maana uzito wa maneno ya mwaka huo ni mwingine.

Dawa nyingine iko kwenye swali. Niliwahi kukaa na bibi mmoja mzee wa huku, nikamwuliza, "Mwaitu, mahindi ya mwaka huu ni mazuri?"

"Ni mazuri, mwanangu. Tumshukuru Mungu."

Jibu hilo ni adabu ya kumpokea mgeni, halina habari ndani yake. Nikamwuliza tena, "Ulipokuwa ukichagua ya kutengeneza muthokoi, uliyotenga kwa ajili ya kuku ni mengi kuliko ya mwaka jana?"

"Eeh, hayo! Debe zima zaidi. Tena yote ni ya kule chini mtoni."

Katika pumzi moja amenipa linganisho la misimu miwili na linganisho la mashamba mawili. Swali linaloomba sifa hupata sifa. Swali linaloomba kulinganisha vitu ambavyo mtu amevishika kwa mikono yake hupata kipimo. Huo ni ufundi, na hufundishwa. Maafisa wa ugani wanaujua, ila hakuna anayewauliza wanapotunga fomu.

Faida ya kujua upana wa shaka huonekana pale mtu anapotakiwa kutumia pesa. Chukua Aflasafe KE01, dawa iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, inayotumia kuvu wa jamii hiyohiyo wasiotengeneza sumu kumfukuza yule mwenye sumu. Hurushwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Anayeamua kuinunua anaamua kabla hajajua msimu utaishaje. Akiambiwa tu kwamba magunia 30 katika kila 100 yatavuka kikomo, hajui aitegemee namba hiyo kiasi gani. Akiambiwa ni kati ya 25 na 35, atapanga bajeti yake na kulala. Akiambiwa ni kati ya 5 na 80, atajua kwamba busara ni kugawanya pesa: dawa kiasi kwa mashamba ya bondeni, na zilizobaki zinunue maturubai na mashine za kukaushia ambazo zitafaa msimu ukienda vyovyote. Namba ileile ya 30 inaweza kukaa katikati ya utabiri wa aina zote mbili, lakini maamuzi yake ni tofauti kabisa.

Kwetu hapa nyenzo hazikosekani. Kaunti ya Makueni imesifiwa nchini kwa kuwashirikisha wananchi kuanzia kijijini, na mikutano hiyo ina kumbukumbu. NDMA, ile mamlaka ya kitaifa ya kushughulikia ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa Makueni na kwa Kitui, na sehemu kubwa ya taarifa hizo hutoka kwa kaya zinazohojiwa vijijini. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa simu za kukusanyia taarifa nyumba kwa nyumba. KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, wako Katumani, Machakos. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha, na uamuzi kwamba maelezo yana thamani ya kuingizwa kwenye kompyuta.

Napendekeza mambo manne kwa serikali za kaunti za Makueni na Kitui. Kwanza, kila baada ya mavuno, wahudumu wa afya na maafisa wa ugani waulize maswali machache yasiyobadilika: mvua ilikukuta umevuna au hujavuna, chumvi ilinata kwenye chupa au haikunata, ulitenga mahindi mabaya mengi zaidi au machache zaidi kuliko msimu uliopita, na yalitoka shamba lipi. Maswali yasiyobadilika ndiyo yanayoruhusu misimu ilinganishwe. Pili, KALRO na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wapime sehemu ndogo ya magunia hayohayo ili tujue maneno yana uzito gani. Tatu, utabiri wowote unaotangazwa kwa chifu au redioni utaje upana wake kwa lugha ya kawaida: huenda ikawa hivi, huenda ikafika hivi. Wakulima wa Ukambani wameishi na mvua isiyotabirika maisha yao yote. Hawataogopa kuambiwa "kati ya". Nne, matokeo yarudi kwa waliotoa maelezo, maana mtu anayeona neno lake limefanya kazi atakuwa mwangalifu zaidi msimu ujao.

Gharama ya haya ni ndogo ukilinganisha na kupima kila gunia, jambo ambalo hakuna kaunti inayoliweza. Mahindi mengi ya Mbumbuni hayapiti maabara yoyote. Hutoka shambani, huingia nyumbani, huliwa. Mtu pekee anayeyachunguza ni yule anayeyachambua kwenye ungo kabla ya kuyapika, na anachokiona yeye ndicho uchunguzi pekee utakaowahi kufanywa kwa mahindi hayo. Serikali inayoupuuza uchunguzi huo imechagua kutojua.

Basi wewe msomaji unayelima huku kwetu, mtafiti akija na fomu yake, mweleze kwa kulinganisha: shamba hili na lile, msimu huu na uliopita, kabla ya mvua na baada. Mwombe ayaandike mbele yako. Na siku atakayorudi na utabiri wake, mwulize swali moja kabla ya kumpigia makofi: unaweza kukosea kwa kiasi gani? Asiyeweza kulijibu swali hilo hajamaliza kazi yake.